Hatua Nne za Shamba

Ndugu zangu, mkulima mmoja wa huku kwetu milimani aliamka siku ya mvua kubwa, akachuma jani la sale, akaanza kupanda kwenda kwa kaka yake. Mnalijua jani hilo: mtu akikuletea, humnyimi msamaha. Na kosa alikuwa nalo. Miaka tisa nyuma, kaka yake akiwa amelazwa hospitali, yeye aling'oa masale ya mpaka kwenye shamba lao la chini, akayapanda upya hatua nne ndani ya sehemu ya kaka. Tangu hapo hawakusalimiana, hata msibani.

Njia ilikuwa utelezi mtupu. Mara mbili alianguka, akainuka, akaendelea. Mtu aliyekuwa akiteremsha ng'ombe alimwambia daraja la magogo limesombwa na mto, heri arudi nyumbani. Hakurudi. Alivuka kwa miguu, maji yakimfika kifuani, jani ameliinua juu. Ng'ambo alikutana na mama mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Mama alipoliona lile sale akampisha njia.

“Pita, mwanangu,” akasema. “Watu kama wewe mmebaki wachache.”

Maneno yale yalimpa joto kuliko koti. Akapanda kipande kilichobaki bila kupumzika, akijiona ameshakuwa mtu mwema.

Alifika saa sita mchana, anatetemeka. Kaka yake alilipokea jani kwa mikono miwili, akamketisha karibu na moto, akamwomba mkewe alete chai. Wote wawili walilia.

“Nimekusamehe, mdogo wangu. Kutoka moyoni.” Kisha akauliza taratibu, “Na mpaka, umeurudisha?”

Yule mtu akainamia kikombe. Akasema alikuwa na haraka ya kuja. Akasema tena kwamba pale sasa pana miparachichi yake, na ndiyo kwanza imeanza kuzaa.

Kaka hakugomba. “Shamba liko mlangoni kwako,” alisema. “Kwangu ni mwendo wa nusu siku. Mbona ulianzia huku?”

Tumcheke? Ni wangapi kati yetu tumefunga, tumekesha, tumelia mbele za Mungu na mbele za watu, na cha mtu bado tumekishika? Mlima tunaupanda, tena kwa bidii, maana njiani kuna wa kutusifu. Hatua nne za shamba hazina shahidi. Humo ni wewe na jembe lako, na miti yako unayoikata mwenyewe.

Yule mtu chai hakuimaliza. Aliteremka kwenye mvua ileile, na kabla jua halijazama alikuwa anachimba.

Na sisi? Msamaha tumeshapewa, hilo lisitusumbue. Basi leo ibada ikiisha, usije hapa mbele kunipa mkono. Nenda shambani.