Kigoda Kimoja cha Bibi Kano

Sogeeni, na anayetaka kusinzia asinzie sasa, maana mwishoni nitamuuliza kila mtu.

Palikuwa na ndugu watatu wasio na kwao. Madaktari huwaita vichocheo vya ukuaji. Mimi nawaita watu, kwa sababu wivu wao ulikuwa wa watu. Waliishi ndani ya damu ya mgema mmoja, jina lake Kitsao, wakizunguka nayo bila kutua. Pakitokea jeraha waliitwa kulitengeneza. Likipona walitolewa mlangoni kwa asante tupu.

Tsuma, kifungua mimba, alijaliwa sauti. Akiita, vibarua, yaani chembe hai za mwili, hutoka pembe zote, na aliyekuja peke yake hugeuka wawili.

Dzame, wa kati, alijaliwa jembe. Penye ukavu huchimba mifereji, damu ikafika na chakula chake.

Mbeyu, kitinda mimba, alijaliwa amri. Kibarua mvivu akitazamwa naye tu huanza kusokota nyuzi nyeupe, ngumu kuliko kamba ya makumbi.

Sasa huyo Kitsao alikuwa na uzembe wa wagema. Siku moja, akiwa juu ya mnazi, alikichomeka kisu chake cha kugemea, kotama, kwenye kidato, yaani lile kato la kukanyagia, badala ya kukirudisha alani kiunoni. Akakisahau. Aliposhuka, kisigino ndicho kilichokumbuka.

Hospitali walilishona kano lililokatika, wakafunga mguu. Mkewe, Kadzo, akauliza, "Atapanda tena?"

Daktari akamjibu, "Mimi nimeshona, mama. Kuota si kazi ya sindano."

Ndani ya kisigino alikaa mwenye nyumba, Bibi Kano, kizee mkavu, maana damu humfikia kwa matone. Akawaita wale ndugu. "Nyumba yangu imepasuka katikati. Itengenezeni. Mmoja wenu nitamwekea kigoda hapa kwangu, akae anilindie nyumba, asitangetange tena. Mmoja tu. Nyumba ni nyembamba, mnaiona."

Aliyewahi kulala kwa watu anajua walivyotazamana.

Tsuma akaita. Vibarua wakaja, wakaongezeka, ufa ukajaa watu. "Bila mimi," akasema, "hapa ni shimo tu."

Dzame akacheka. "Kaka, umealika wageni kwenye nyumba isiyo na maji. Watakufa na kiu huku wanaisifu sauti yako." Akashika jembe, akachimba. Damu ikafika, vibarua wakala. "Bila mimi hapa ni makaburi."

Mbeyu akapita katikati yao, mikono kiunoni. "Watu wameshiba, maji yanapita, na ufa uko palepale. Kwani mmekuja karamuni?" Akatoa amri. Nyuzi zikavuka kutoka ukuta huu hadi ule. "Bila mimi," akasema, "hapa ni soko."

Bibi Kano akapapasa ukuta mpya. "Ama kweli huyu ana mkono," akasema, na asiseme ni nani.

Hapo ndipo alipoharibu. Mtu mzima ukisifu, taja jina. Kila mmoja wa wale watatu aliamini kasifiwa mwenzake.

Tsuma akaita tena, akaita na wasiohitajika, mpaka mguu ukavimba. Dzame akachimba mahali pasipo na kiu, mpaka mguu ukapwita kwa maumivu. Mbeyu naye akafuma mpaka akapita mpaka wa nyumba, nyuzi zake zikashikana na ukuta wa jirani.

Walipomfungua Kitsao, alikwenda kwenye mnazi wake, akaweka mguu kidato cha kwanza. Kisigino kikakataa kukunjika.

"Shuka, mume wangu," Kadzo akamwambia.

"Nimepanda wapi hata nishuke?"

"Basi toka hapo. Kaka yako keshaiulizia hii minazi. Anasema mgema wa chini ni mnywaji tu."

Kitsao aliushika mnazi kama mtu anayeaga.

Maneno yale yakafika ndani. Bibi Kano akakinyanyua kigoda. "Huyu asipopanda tena, sina haja na mlinzi. Nitakipasua kuni."

Ndipo Tsuma akafunga mdomo, naye akijua kuwa mwenye kunyamaza husahaulika. Dzame akafukia kwa mikono yake mifereji aliyojivunia zaidi. Mbeyu akafumua nyuzi zilizomshika jirani, moja moja, huku wenzake wakimtazama.

Na kila asubuhi Kadzo aliukunja mguu wa mumewe na kuuvuta, kama walivyomfundisha hospitali. "Unaua," Kitsao alilalamika. "Nikikuua utajua," mkewe akamjibu, akavuta tena. Kwa kuvutwa huko nyuzi zikalala upande mmoja, zikakaza.

Siku ikafika, Kitsao akapanda. Kidato baada ya kidato, mpaka kileleni, akaanza kuimba huko juu. Chini Kadzo alijifuta macho kwa ncha ya leso, akasingizia vumbi.

Bibi Kano akaweka kigoda sakafuni.

"Mimi ndiye niliyeanza," Tsuma akasema. "Ningechelewa, kungekuwa na nini?"

"Mimi ndiye niliyewaweka hai," Dzame akasema. "Ungeita maiti?"

"Hiyo nyumba anayoikalia Bibi ni mimi," Mbeyu akasema. "Na kilichoniuma kuliko nyinyi ni kufumua kazi yangu mwenyewe."

"Ulifumua ulichoharibu," Dzame akamkata. "Ukirudisha ulichoiba, unadai zawadi?"

Wote watatu walikwisha kuapa: wawili watakaokosa watarudi kwenye damu, na siku wakiitwa kisigino hiki, watajifanya viziwi.

Usiniambie wagawane. Kigoda ni cha makalio ya mtu mmoja. Wala usiniambie kisitolewe, maana Bibi aliahidi, na ahadi ni ahadi.

Ila amua upesi. Kitsao amemaliza kugema, kibuyu kimejaa, anashuka huku anaimba. Na kotama yake, masikini, ameichomeka tena kwenye kidato.

Je, wewe ungemkalisha nani?