Binzari Aliyefukizwa Udi

Kitendawili! Mama karudi amependeza, wanawe wakamtimua.

Haya, tegueni. Bibi harusi? Sivyo. Kuku aliyechovywa rangi? Loo, hilo nalo! Mnataka kunipa mji? Leo sitaki mji. Miji yote mliyokwisha nipa, sijapata hata chumba kimoja cha kulala. Sikilizeni tu, jibu litakuja lenyewe.

Jana mlimsikia mama yenu akimwambia dada yenu Tausi, alipojimwagia manukato mpaka mdogo wake akalia, hataki kubebwa naye: "Ukimfukiza paka udi, wanawe watamkana." Mkanikimbilia mkiuliza, bibi, nani huyo amfukize paka udi? Yupo. Methali hii ilianza hivi.

Zamani tulikaa Tanga, katika mtaa ulionukia vitumbua asubuhi na asumini jioni. Nilikuwa na shoga yangu, Saumu. Mama yake alikaanga samaki barazani akiuza. Saumu naye alikuwa na paka wa manjano, jina lake Binzari. Alimwokota mtaroni sokoni, mifupa mitupu, akamlea kwa vichwa vya dagaa. Wakati huo Binzari alikuwa amezaa. Watoto wake watatu walikuwa wamekwisha fumbua macho, wakilala na mama yao juu ya kanga kuukuu ya jikoni.

Mwaka ule, kwenye maonyesho ya mifugo, Daktari Mhina, mama aliyetibu ng'ombe na mbuzi wetu, akatangaza kwamba paka nao watashindanishwa. Tulicheka sisi! Ng'ombe tumezoea kumwona uwanjani, lakini paka? Atakamuliwa?

Jirani yetu Nargisi, mwenye paka mweupe wa manyoya marefu, akamwambia Saumu bombani mbele ya watu, "Na wewe utampeleka yule wako wa mtaroni? Mfunge kamba basi, asije akawarukia watu sahani zao."

Saumu alitua ndoo, akaenda moja kwa moja kwa Bi Mashavu. Huyu alikuwa somo, mwenye kufunda na kupamba mabibi harusi. Ukipita mlangoni kwake unajua kuna harusi kabla hujasikia ngoma.

"Somo, nataka Binzari apendeze kuliko paka wote."

Bi Mashavu akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu, wanawali nimewapamba mtaa mzima. Paka, bado. Lakini mwari ni mwari. Mlete."

Basi siku moja kabla ya maonyesho Binzari akaogeshwa maji ya vuguvugu. Akasuguliwa singo, ile ya sandali na mawaridi. Aliwakwaruza wote wawili, lakini wapi! Akakaushwa, akafunikwa kwa tenga la kufukizia nguo, chetezo cha udi kikiwa karibu. Mwisho akavikwa kikuba cha asumini shingoni. Bi Mashavu akakataa asirudi kwao, asije akagaagaa kwenye majivu. Akalala kule kule, na watoto wake wakanyweshwa maziwa na mama Saumu nyumbani.

Kesho yake uwanja ulijaa. Bi Mashavu mwenyewe alimleta Binzari pamoja na Saumu. Binzari aling'aa kama sarafu mpya. Hata Nargisi alimtazama mara mbili. Lakini kulikuwa na sharti: paka aliyezaa aonyeshwe pamoja na wanawe. Na sharti jingine: atakayeleta paka asiye wake atanyang'anywa, paka akae kwa daktari mpaka mwenyewe apatikane, maana watoto watukutu walikuwa wakikamata paka wa sokoni ili wapate zawadi.

Mama Saumu akaja na kikapu cha watoto, ile kanga kuukuu ya jikoni kiunoni. Akakiweka juu ya meza ya daktari, Binzari akatiwa ndani. Watoto wakamnusa. Mara wakatutumua manyoya, migongo juu, wakamfokea wakirudi nyuma!

Sasa kitendawili mmekitegua, sivyo?

Daktari Mhina akainama. "Binti, huyu ndiye mama yao?"

Saumu alimtazama Binzari kana kwamba hata yeye hamjui.

"Mama gani anafukuzwa na wanawe?" Nargisi akadakia. "Kaazima paka huyo!"

Watu wakaanza kunong'ona. Daktari akasema taratibu, "Nakwenda kuchukua tundu. Nikirudi huna jibu, paka nabaki naye."

Saumu akamkumbatia Binzari, machozi yakimtiririka. Mama yake akasogea, akamnusa paka. "Haa! Mlimpeleka kwa mume?"

"Nilimpamba kama mwari," Bi Mashavu akasema kwa sauti ndogo.

"Mwari sawa, somo yangu. Lakini huyu mzazi! Wanawe wamjulie wapi?"

Akafungua ile kanga kiunoni, inanuka samaki, moshi na mafuta ya jana, akaitandika mezani. Saumu akakata kikuba. Binzari alipoiona kanga, kumbe ndiyo aliyokuwa akiitafuta tangu jana! Akajigaragaza juu yake, ubavu huu, ubavu ule, akajilamba, akajisugua tena. Mtoto mdogo kuliko wote akatoka kikapuni. Akanusa. Akapiga chafya, sisi tukacheka, akanusa tena. Kisha akajipenyeza tumboni akaanza kunyonya, na wenzake wakamfuata.

Mtaa ule siku hizi ni maduka matupu, na Bi Mashavu ametangulia mbele ya haki. Zawadi ya siku ile ilikwenda kwa paka mweupe wa Nargisi, na paka huyo mwenyewe simkumbuki hata sura. Lakini nikisikia harufu ya udi, namwona Bi Mashavu pale mezani, akipiga kofi na kusema, "Kumbe ukimfukiza paka udi, wanawe watamkana!"

Basi siku ile Daktari Mhina akarudi na tundu mkononi. Alisimama akatazama meza, akaliweka tundu chini.

Saumu akajipangusa macho kwa ncha ya ile kanga ya samaki.

"Ndiye mama yao, daktari," akasema. "Ndiye."