Wavu Uliotoka Katika Matete ya Kihonga

Chawa hajui kuogelea. Havuki ziwa kutoka ng'ambo ili aje kumuuma mtu. Yumo tayari katika mshono wa shati, ananenepa taratibu, huku mwenye shati akitazama barabarani na kujiuliza ni nani aliyemletea mwasho. Ndivyo walivyofanya watu wa Kihonga wakati wa vita, na ndivyo alivyofanya Adèle, ambaye macho yake yalisifiwa kuliko ya wote.

Kihonga ilikuwa bandari ndogo kwenye Ziwa Edward, chini ya milima ya Lubero. Haikuwa na gati wala taa. Ilikuwa na mchanga mweusi, mitumbwi ishirini na miwili yenye namba za rangi nyeupe, kanisa la mabati, na safu ya tanuri za udongo ambamo wanawake walikausha samaki wa kupelekwa Butembo na Beni. Babu zao walishuka kutoka milimani wakati wa Wabelgiji, wakaruhusiwa kuvua kwa masharti mengi yaliyoandikwa. Sharti moja halikuhitaji karatasi. Upande wa kusini palikuwa na ghuba ya matete ambamo viboko walishinda majini, na humo ndimo samaki waitwao ngege walimozalia. "Mavi ya kiboko ni ugali wa samaki," watu walisema, na hakuna aliyetupa wavu humo. Aliyethubutu alinyimwa moto. Kila asubuhi wanawake walipeana makaa katika vigae, tanuri hadi tanuri, lakini kwa mvunja mwiko halikuingia hata kaa moja. Tangu bandari ianze, watu watatu tu walikuwa wameionja adhabu hiyo, na wote walirudi milimani kabla ya mwezi kwisha.

Kisha vita vikaja, vya kwanza na vya pili. Wenye bunduki waliwapiga viboko risasi kama watu wanaopasua kuni, na nyama ikapandishwa kwa malori hadi Kanyabayonga na mbele zaidi. Kufikia mwaka 2001 viboko wa ghuba ile wangeweza kuhesabiwa kwa vidole. Samaki nao wakaadimika. Ngege aliyekuwa akijaza sahani sasa hakujaza kiganja. Mitumbwi ilirudi na maji mengi kuliko samaki, na katika maji hayo watu wakaanza kuvua jambo jingine: shaka. Wanawake walifunika vikapu vyao wakipishana njiani. Makaa hayakupitishwa tena kwa mkono. Kila mmoja alijificha na kiberiti chake.

Askari wa kambi ya kilimani nao walikuwa wameitangaza ghuba kuwa mali yao. Atakayeonekana kuiba humo, walisema, atapanda kambini. Watu wawili wa bandari jirani walikuwa wamepanda. Hakuna aliyewaona wakishuka.

Adèle alikuwa mfumaji wa nyavu. Mume wake aliondoka katika vita vya kwanza kwa lori la kwenda Kayna, lori likarudi bila yeye. Kazi ya kufuma alifundishwa na marehemu mama yake, aliyetumia mkono wa kushoto, kwa hiyo mafundo ya Adèle yalilalia kushoto, wakati mafundo ya nyavu nyingine zote za Kihonga yalilalia kulia. Mama huyo alipofariki, Adèle alikuwa na miaka kumi na mitatu na mdogo wake Paulin alikuwa na miezi minane. Alimbeba mgongoni katika kitenge cha bluu chenye ndege wa manjano mpaka mtoto alipojua kutembea, na hata baada ya hapo. Sasa Paulin alikuwa kijana wa kimo, katibu wa kamati ya wavuvi, mwenye sauti nzuri mikutanoni. Bado alikula chakula cha dada yake, na kitenge kile bado Adèle alikivaa, kimepauka kama anga ya kiangazi.

Mgeni wa bandari alikuwa Kabongo. Serikali ilikuwa imemleta kutoka Kasai kabla ya vita, aje kupima samaki na kulinda mazalio yao. Mshahara wake ulikatika miaka mitatu iliyopita, lakini yeye hakuondoka. Mkewe Victorine alikaanga mikate ya mafuta na kuiuza kanisani. Kila alasiri Kabongo aliingia katika mtumbwi wake peke yake, akapiga kasia kuelekea kusini.

"Monsieur Kabongo," Orpa, jirani yake Adèle, alimuuliza siku moja mbele ya wanawake wenzake, "unaendaka kufanya nini kule kila siku?"

"Kuhesabu viboko, mama."

"Bamebaki ngapi?"

"Kumi na moja."

"Na jana?"

"Kumi na moja."

"Donc serikali inakulipa juu ya kuhesabu kumi na moja mara mbili!"

Wanawake walicheka mpaka moshi ukawapalia. Kabongo naye akatabasamu. "Serikali hainilipi, mama. Juu ya ile, mahesabu ninabapatia bure."

Adèle hakucheka. Alipomwandalia Paulin ugali siku hiyo, Paulin, aliyemwita yaya, yaani dada mkubwa, alisema jambo lililomkaa moyoni kama mwiba wa samaki.

"Yaya, mutu hapati mushahara miaka tatu. Anakula nini? Mikate ya bibi yake? Mimi minasema tu."

"Unasema ni yeye anavua mu matete?"

"Sijasema. Mais mutu wa kukuya, mugeni, ziwa si la babu yake. Likikauka, ataenda kwao."

Kisha akamwomba amfumie wavu mdogo, macho ya upana wa ncha ya kidole, wa kukamatia samaki wa chambo. Adèle aliufuma kwa siku sita. Mwezi uliofuata Paulin alivaa viatu vipya vya ngozi, akasema amevipata kwa rafiki wa Butembo. Adèle alivisifu. Mapenzi yana kitambaa chake cha kufunga macho, na aliyefungwa hajui kuwa amefungwa.

Badala yake aliyaelekeza macho yake makali kwa Kabongo. Asubuhi moja alimwona akitoka upande wa kusini na gunia linalotiririka maji, mkia wa samaki ukichungulia mdomoni mwa gunia. Alimwambia Orpa peke yake. Kabla ya saa sita mchana, maneno yale yalikuwa yameizunguka bandari na kumrudia yeye mwenyewe, sasa gunia likiwa magunia matatu.

Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi, mtumbwi wa Kabongo ulifika ufukoni umezama karibu hadi ukingoni mwake. Ndani yake palikuwa na rundo la wavu, na ndani ya wavu maelfu ya ngege wachanga, wenye urefu wa kidole.

"Nimeupata!" Kabongo alipaza sauti kabla hajashuka. "Nimeutoa mu matete! Kuyeni muone vile banaua batoto ya samaki!"

Wa kwanza kumfikia alikuwa Paulin. "Munamuona? Mwizi na nyavu yake! Alikuwa analeta, tukamukamata!"

Watu wenye njaa hawaulizi mara mbili. Kabongo alivutwa mchangani, akapigwa kofi, kisha ngumi. Daftari lake la mahesabu likaanguka majini. Victorine alikuja mbio, mikono ikiwa bado na unga, akilia, "Mutamuua bure! Mumuache aseme!" Hakuna aliyemwacha aseme. Wakati huo Kaporali Stanislas alikuwa ameshuka kutoka kambini na askari wawili.

"Yaka awa!" alimwita Kabongo kwa Kilingala, akimwonyesha kwa mdomo wa bunduki mahali pa kupiga magoti. "Nani aliona huyu akiiba?"

"Yaya yangu aliona," alijibu Paulin. "Yaya, kuya! Sema vile uliona."

Adèle alipita katikati ya watu. Alikuja akiwa na neno tayari ulimini, na moyoni alikuwa ameshamhukumu mtu huyo. Aliinama aushike wavu, kama fundi yeyote anavyoshika kabla ya kusema. Macho ya ncha ya kidole. Akapitisha kidole gumba juu ya fundo moja, kisha la pili, kisha la kumi. Yote yalilalia kushoto.

Kelele za ufuko zikawa mbali. Aliviona viatu vya ngozi. Aliuona wavu wa chambo, ambao chambo chake hakuwahi kukiona. Akainua uso. Paulin alikuwa akimtazama, na kichwa chake kilitikisika kidogo sana, kama mtoto anayekataa dawa.

"Mama, ni huyu?" aliuliza kaporali.

"Nyavu hii nilifuma miye," alisema Adèle.

Kaporali akamsogelea. "Weye? Ulifumia nani?"

Adèle alimgeukia Paulin. Alimpa mdogo wake nafasi. Alingoja aseme mwenyewe, hata kwa uongo, hata neno moja tu la kumwondoa dada yake pale. Paulin alivitazama viatu vyake.

"Basi twende kambini, utakumbuka njiani," alisema kaporali, akamshika mkono na kumvuta hata kitenge kikamlegea begani. Paulin aliendelea kuvitazama viatu vyake. Hatua moja. Hatua ya pili. Hatua ya tatu.

"Nilimufumia huyu," alisema Adèle. "Paulin. Ndugu yangu."

Askari walimwachia, wakamshika Paulin. Hapo ndipo sauti yake nzuri ilipomrudia. "Yaya! Yaya, unanipeana?" Aliita hivyo mpaka kona ya njia ya kilimani. Kabongo, mdomo ukivuja damu, aliinuka akawafuata. "Kaporali, hii ni kazi ya bureau yangu! Muniachie, nitamwandikia procès-verbal ya kosa lake, atalipa amende, faini yake!" Wakacheka, wakamsukuma chini.

Kabongo alipanda kambini mara tatu akiwa na karatasi yenye muhuri. Mara ya tatu aliambiwa kwamba jina hilo halimo katika vitabu vyao. Daftari lake lilipokauka, Malachie, msomaji wa kanisa, alilifungua mbele ya watu. Gunia la asubuhi ile lilikuwa limeandikwa humo: samaki wachanga waliokufa, mia nne na kumi na wawili, wameokotwa matete ya kusini. Mtumbwi namba tisa, wa Paulin, uliandikwa mara tano kuwa umeonekana kwenye matete, na chini yake maneno haya: "Nikimshitaki mtoto wa bandari, nani ataniamini?"

Kabla ya hayo yote, asubuhi iliyofuata kuchukuliwa kwa Paulin, Adèle hakuwasha tanuri. Alijua desturi: mkosaji alikula kwake, na wavu ulitoka mkononi mwake. Alikaa kizingitini, akijua kwamba hata kama vigae vingeanza kupitishwa tena, vingeupita mlango wake. Lakini kimoja kilikuja, kikasimama. Alikuwa Victorine, na katika kigae chake makaa matatu mekundu.

"Chukua, mama. Nimeyatoa mbali, yatazimika."

"Miye nilisema bwana wako ni mwizi."

"Najua. Chukua."

Adèle aliyapokea. Cheche moja ikarukia kitenge cha ndege wa manjano, mahali palepale ambapo kichwa cha mtoto kililala zamani. Aliizima kwa kiganja. Tundu lilibaki, naye hakulitia kiraka. Hadi leo, mgeni akishuka Kihonga na watu wakaanza kumtazama kwa pembe ya jicho, Adèle huingiza kidole katika tundu lile na kuwaambia wajikung'ute wao kwanza, kwa kuwa kikulacho ki nguoni mwako.