Mwenye Kondoo

Siwema alikuwa uani akigeuza mguu wa kondoo juu ya makaa, mafuta yakidondoka na kuchachatika, mara mwenye nyumba, Bwana Ghalibu, akaingia na sinia. Hapakuwa na mpangaji wake aliyechoma nyama akaila mwenyewe.

"Weka hapa," alisema.

"Kwani ni wako, Bwana?"

"Ua wangu, nyumba yangu. Kilichomo humu chote changu."

"Hata huyu kondoo niliyekuwa nikimfuga hapa?"

"Tangu kuzaliwa kwake!"

"Basi sema kwa sauti, majirani wasije wakasema nakusingizia."

"Kondoo ni wangu!" akanguruma.

Mlango wa jirani ukafunguka kwa kishindo. Bi Jokha akatoka na mchi begani. "Kumbe ni wako! Kondoo aliyenimalizia mchicha wangu wote!"

"Si wangu! Wallahi si wangu, hata ukwato!" Ghalibu akatupa sinia, akatimua mbio, kiatu kimoja kikabaki mlangoni.

Siwema akaliokota sinia, akakata nusu ya mguu. "Haya shoga, fidia ya mchicha wako, kama tulivyopatana asubuhi."

Bi Jokha akaweka mchi chini, akatafuna taratibu.

"Huna kondoo mwingine?" akauliza. "Bado nina bamia."