Nyani Autaka Mtufaha wa Pimbi

"Watoto, masikio yako wapi?"
"Yako wazi!"
"Na midomo?"
"Tumeifunga!"
"Basi mimi naufungua wangu."

Huko milimani kwenye baridi, Pimbi alipanda mtufaha wa pambo uani kwake. Haukuwa mti wa kula, ulikuwa mti wa kutazama. Akaupalilia, akautia samadi, akaupogoa. Ukachanua maua ya waridi, pwaa! Kisha ukazaa vitufaha vyekundu, vidogo kama shanga.

Nyani, jirani yake mwenye shamba la migomba, akaruka ua. Puu!

"Mti huu kuanzia leo ni wangu."

Pimbi akapigwa na butwaa. "Wako? Mti niliopanda mimi?"

"Ukibisha, nakutupa bondeni, wewe na wanao!"

Pimbi akageuka. Wanawe walikuwa nyuma yake, wanatetemeka. Alipoinua macho akaona mate yanamdondoka Nyani. To, to, to.

"Bwana mkubwa," akasema taratibu, "ukiuchukua kwa nguvu, kila mtu atajua una kitu, nao watakuja kugombea. Tubadilishane mbele ya Kobe. Wewe mti, mimi migomba yako. Hapo utakula peke yako."

"Peke yangu?" Nyani akacheka. "Kamwite Kobe!"

Kobe, mwamuzi wao, akaja polepole. "Mmekubaliana?"

"Tumekubaliana!"

"Basi imepita."

Nyani akachuma vyote, hakuwabakizia hata ndege. Akajaza shavu hili, akajaza shavu lile, akatafuna. Kwachu!

Lo! Macho yakamtoka. Midomo ikajikunja ikagandana. Uchachu ukapanda puani, ukatokea masikioni. Akaruka juu, akaanguka chali, tii! Pimbi mwenyewe akashika mdomo: alijua ni vichachu, hakujua ni vichachu kiasi kile!

Kobe naye akashtuka. "Nyani! Unataka tuvunje makubaliano?"

"Mmmh! Mmmh!"

"Anasemaje huyu?"

"Anasema mmmh," Pimbi akajibu. "Utamu umemzidi."

"Basi imepita," akasema Kobe, akaenda zake.

Midomo ya Nyani ilipokuja kufunguka, Pimbi na wanawe walikuwa wameshahamia migombani, kila mmoja na ndizi yake.

Hadithi imekwisha. Aliyesinzia akamuulize jirani yake.

Na funzo? Mwenye nguvu akitaka kitu chako, wanangu, mpe upesi. Wakubwa hawakosei.