Jina la Kufungia Wimbo

Sogezeni vigoda. Anayekoroga uji aendelee kukoroga, anayenyonyesha aendelee kunyonyesha. Hadithi hii haitaki mikono yenu. Inataka masikio, na mwishoni itataka hukumu.

Juu kwenye milima ya Upare, mahali ambapo ukungu huingia dirishani asubuhi bila kupiga hodi, aliishi mama mmoja aitwaye Nakijwa. Nyumba yake ilikuwa na watu watatu wenye vipaji. Mcharo, mwanawe wa kwanza, alijua kuchagua. Mpeleke kwenye rundo la mitumba, atatoka na shati moja tu, nalo ndilo litakalodumu. Naetwe, bintiye, alijua kuunganisha. Cherehani za kijiji kizima zilipita mikononi mwake, na redio, na hata baiskeli ya mchungaji. Wa tatu alikuwa Kabula, mke wa Mcharo, binti wa Kisukuma aliyeletwa milimani na ndoa. Huyu alijua kusikia. Alisikia maziwa kabla hayajafurika, na mgeni kabla mbwa hajabweka. Kuongea, aliongea kidogo, na Nakijwa alikuwa bado hajaamua kama ile ni adabu au ni kiburi.

Nakijwa mwenyewe alikuwa na wimbo.

Ulikuwa wimbo wa kumtoa bibi harusi nyumbani kwao. Mmoja huanzisha, awe mwanamke au mwanamume, na safu ya wanawake huitikia, kila mmoja kwa sauti yake, zinapishana na kukutana tena kama vijia vya mlimani. Katika ukoo ule wimbo una mwenyewe mmoja. Akitaka kuukabidhi, huuimba wote, na kwenye mstari wa mwisho hutaja jina. Anayetajwa ndiye atakayeuanzisha kwenye kila harusi ya ukoo. Wengine wote, hata wangekuwa na sauti ya malaika, wataitikia tu. Na jina likishatajwa halirudishwi mdomoni.

Nakijwa alitajwa na shangazi yake. Wale walioitikia siku hiyo, wengine walikwisha kuzikwa, na wengine waliwafuata watoto wao Tanga na Dar es Salaam wakasahau. Sauti zote za safu ile zilikuwa zimebaki kwenye kichwa kimoja.

Kisha akaota rovu shingoni. Lilianza kama tonge lililokataa kushuka, likakua mpaka kola ya gauni ikambana. Daktari alimweleza bila kuzunguka.

"Tukikata, sauti inaweza kubaki ilivyo, inaweza kukwaruza, na inaweza kwenda isirudi."

"Na nisipokatwa?"

"Utakosa pumzi, mama."

"Basi nikate," akasema Nakijwa. "Lakini nipe nafasi niimbe kwanza. Nina kitu cha watu."

Wakapanga kukata baada ya kuvuna maharage.

Kuimba ni rahisi kusema. Wimbo ule hauimbwi na mtu mmoja, na safu haikuwepo. Ndipo Nakijwa akasema ataimba sauti zote mwenyewe, moja baada ya nyingine, na kompyuta izibebe pamoja. Walijaribu kwenye kompyuta mpakato kuukuu ya Mcharo. Sauti ya kwanza ikaingia, ya pili ikaingia. Ya tatu ilipoongezwa, kompyuta ikakwama kama mbuzi darajani, ikawa inarudia silabi moja tu.

Mchana ule Nakijwa alisinzia juu ya gunia la maharage, mikono ingali na maganda. Akajiona amesimama kwenye ukungu, na pembeni yake yeye mwenyewe, na pembeni ya huyo yeye tena, safu nzima ya Nakijwa wenye kanga moja. Walikuwa wamefungua midomo. Hakikutoka kitu. Alipoamka akamwambia Mcharo, "Tafuta kompyuta yenye nguvu."

Mcharo alikuwa akifanya kazi Arusha, na nyumbani alikuja kwa siku chache tu. Akachukua likizo yake yote ya mwaka, akaimalizia kwenye maduka ya kompyuta. Wauzaji walimwonyesha makasha yenye taa za rangi.

"Chukua hii, kaka. Ikiwaka ni disko kabisa. Gemu zote inacheza."

"Mama yangu hachezi gemu," akajibu. "Na taa haziimbi."

Akaachana na kadi kubwa za picha. Akatafuta prosesa yenye nguvu, kwa kuwa ndiyo inayopika sauti zote kwa wakati mmoja, na memori kubwa, ili sauti zisisukumane mlangoni. Akatafuta diski ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Hakukuta vyote mahali pamoja, akavikusanya kimoja kimoja, hiki kipya, kile kilichotoka kwenye ofisi iliyofungwa. Likizo ilipokwisha alikuwa hajapumzika hata kidogo, lakini aliomba kazini siku nyingine za bila mshahara, akarudi nyumbani na maboksi yaliyofungwa kwenye kanga, na hakuna kilichokuwa kibovu wala cha ziada.

Naetwe akaosha meza ya chakula, akaikausha, akaanza. Mlangoni cherehani za wateja zilikuwa zinangoja, na sare za shule zilikuwa zinangoja cherehani. Alizifunika. Akapachika prosesa kama anayeweka yai kwenye kiota, akafunga skrubu, akapitisha nyaya. Walipobonyeza swichi, kimya.

"Imekufa kabla ya kuzaliwa," akasema Mcharo.

"Nenda kachote maji, kaka. Ukirudi utaikuta ina mdomo."

Alirudi akaikuta bado haina. Naetwe akafungua kila kitu, akaanza upya, akafungua tena. Wateja wawili walikuja kuchukua cherehani zao, wakazipeleka kwa fundi wa bondeni, na hawakurudi. Mwishowe, akipapasa kwa kidole huku amefumba macho, akagundua kipande cha memori kilichokuwa kimekaa bila kuingia. Akakibana. Kikasema tak. Kompyuta ikapumua, na kioo kikawaka buluu ukutani kama alfajiri.

Nakijwa akafurahi sana. Na kwa furaha akafanya kile ambacho mama yeyote wa mlimani angefanya: akaleta vitambaa vyake bora vya kufuma, vile vya waridi alivyokuwa akifunikia redio, akaivika kompyuta mbele na nyuma isiingie vumbi. Ikapendeza kama bibi harusi.

Asubuhi alipoimba, sauti ya kwanza iliingia, ya pili, ya tatu. Katikati ya ya nne kompyuta ikazimika. Wakaiwasha, ikazimika tena. Siku nzima ikawa hivyo, na kila mara aliporudia, sauti ya Nakijwa ilikuwa nzito kuliko mwanzo.

"Uliniletea prosesa mbovu," akasema Naetwe.

"Prosesa nzima! Umeiunganisha kama cherehani ya mguu."

Kabula alikuwa ameinama karibu na kasha, sikio lake kwenye maua ya waridi. Alisikia feni ikikimbia bila kufika, kama mtu aliyefunikwa blanketi usoni. Alijua tatizo ni nini. Lakini ni mkwe gani atakayemwambia mama mkwe kwamba vitambaa vyake vimeua kompyuta?

"Mama," akasema, "naomba nivifue hivi vitambaa."

"Nimevifua majuzi."

"Vimeingia moshi kidogo, Mama."

Nakijwa akamtazama kwa muda, kisha akamtazama kwa muda mwingine. "Haya. Vifue."

Kompyuta ikatulia. Kabula akavifua vitambaa, vikakauka, akavifua tena ili visirudi kwenye kasha. Lakini alipovaa hedifoni alisikia jambo jingine: chini ya wimbo feni ilikuwa inavuma kama nyuki. Akaiacha kompyuta sebuleni, akapitisha waya chini ya mlango, na maiki akaiweka chumbani kwake mwenyewe, chumba pekee kisichopakana na zizi. Akasimamisha godoro lake ukutani limeze mwangwi, akapanga magunia ya maharage pande zote. Yeye akawa analala kwenye mkeka, na mgongo ukimuuma hakusema.

Basi sauti zikaanza kuingia. Ya nne, ya tano, safu nzima. Nakijwa aliimba asubuhi tu, kabla sauti haijakwaruza, ukungu ukiwa umeegemea dirisha. Kwenye kioo kila sauti ilijichora kama mgongo wa mlima, mmoja nyuma ya mwingine, ya mwisho ikififia mbali. Alivaa hedifoni akazisikia zote pamoja. Wale wanawake wa kwenye usingizi walikuwa wamepata sauti. Mmoja alivuta neno kama shangazi yake alivyokuwa akilivuta, na yeye hakukumbuka kwamba alikuwa amejifunza hilo.

Ikabaki sauti ya mwanzilishi. Ikabaki jina.

Asubuhi ya mwisho, kesho yake ikiwa ni ya hospitali, aliketi kwenye magunia akawasikia watatu wakizungumza nyuma ya mlango.

"Bila mimi mngenunua disko," alisema Mcharo.

"Na bila mimi ungekuwa na maboksi," alisema Naetwe. "Maboksi mazuri sana, kaka. Ungeyaimbia. Wifi, na wewe sema."

"Bila ninyi nisingekuwa na kitu cha kusikiliza," akasema Kabula. "Na bila mimi kingezimika. Nautaka wimbo huu. Msidhani kwa kuwa nanyamaza siutaki."

Mcharo akafungua mlango. "Mama, taja wote watatu. Siku hizi tunakata na kubandika."

"Nafasi ni ya jina moja," akasema Nakijwa. "Mkianza watatu kwa mpigo, bibi harusi atoke na nani? Funga mlango."

Akawaza. Mcharo angeutunza, na siku ya kuukabidhi asingekosea mtu wa kumpa. Lakini kazi yake iko mbali, na harusi hazingoji basi la Arusha. Naetwe yupo hapa, wimbo ameusikia tangu tumboni, na angekesha mpaka uimbike. Lakini sauti yake ni ya kuitia kuku. Kabula angeushika bila kupoteza hata pumzi moja. Lakini Kipare anakitamka kama anayetembea na viatu vya kuazima, na wako mashangazi watakaouliza wimbo wa ukoo umeendaje Usukumani. Kila mmoja alikuwa na lakini yake. Na ukimtoa mmoja wao, yeyote, asubuhi hii isingekuwepo.

Alijaribu mara moja. Sauti ikapasuka kabla ya kufika mwisho. Akanywa maji ya moto, akaishika shingo yake. Ndani ya koo alijua, kama mtu anavyojua chumvi iliyobaki kwenye kopo bila kulifungua, kwamba imebaki mara moja.

Naetwe akabonyeza. Nakijwa akaanza, na safu ikamwitikia, wote yeye, vijana na wazee, wakimtoa bibi harusi asiyekuwepo kwenye mlango wa ukungu. Mstari wa mwisho ukafika. Waitikiaji wakanyamaza kumpisha. Nyuma ya mlango watatu walikuwa wameegemeza masikio kwenye mbao. Nakijwa akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Hapo ndipo ninapowaachia ninyi. Aliyechagua, aliyeunganisha, aliyesikia: pengo ni la jina moja, na sauti ni ya mara moja. Nyie mlioketi hapa, lingekuwa koo lenu, mngemtaja nani?