Sahani Tatu na Ndama Mmoja

Hapo zamani, si zamani ya sungura na fisi bali zamani ya kuanika betri juani, palikuwa na mjane katika nchi ya machimbo, jina lake Tupokigwe. Alikuwa na shamba moja, ng'ombe mmoja na ndama jike mmoja. Kaeni vizuri, maana nikimaliza sitajibu mimi. Mtajibu ninyi.

Shamba lake lilipakana na la Mzee Nzunda. Mpaka ulikuwa bikoni, nondo iliyomiminiwa zege na kuandikwa namba. Mwaka wa mafuriko matope yakaifunika. Mzee Nzunda akasubiri matope yakauke, kisha akapanda migomba mpaka karibu na jiko la mjane. Alipoulizwa akasema, "Nionyesheni bikoni."

Wazee wa baraza wakaamua, "Mama, tunakuja Ijumaa adhuhuri. Bikoni isipoonekana, mpaka ni migomba." Mama Tupokigwe akalia, akamaliza kulia, akanawa uso, akaenda machimboni.

Huko walikuwepo watafuta dhahabu watatu wenye mashine moja, ile fimbo inayolia ikipita juu ya chuma. Mashine ilikuwa ya wote, lakini kila mmoja alikuwa na sahani yake ya kufunga chini ya fimbo, na kila mmoja aliamini kwamba sahani za wenzake zinafaa kupakulia ugali. Gwakisa alikuwa na sahani kubwa kama ungo. Dada mmoja, Subilaga, alikuwa na sahani ya nyaya mbili zilizolaliana. Asegelile alikuwa na sahani ndogo kama kisosi.

"Wanangu," akasema mjane, "fedha sina. Atakayeipata bikoni, ndama ni wake. Na naapa, sitatia mbegu ardhini kabla sijampa anayestahili."

Wakaja Ijumaa asubuhi. Betri zilikuwa seti moja, tena zimechoka. Wakaanza kubishana juu ya sahani ya kufunga.

"Kubwa," akasema Gwakisa. "Inasikia chini kabisa."

"Inasikia chini, lakini haijui imesikia nini," akasema Subilaga. "Udongo huu mwekundu una chuma. Wenyewe tu unalia. Yangu haidanganywi na udongo."

"Za kwenu zote mbili zinachanganya msumari na jembe," akasema Asegelile. "Yangu inaonyesha kitu kilipo."

"Hiyo yako?" akasema Gwakisa. "Kwa shamba zima tutafika Krismasi."

Mama Tupokigwe akatazama jua. "Kila mtu na zamu yake," akasema.

Wenye kazi hiyo wana desturi: mashine ikilia, aliyeishika huchomeka kijiti, na shimo huwa lake. Shikeni hapo.

Gwakisa akafunga ungo wake, akapita shamba zima. Kimya. Kimya. Kimya. Alipofika penye majivu, palipokuwa na kiwanda cha mhunzi zamani, mashine ikalia kwa sauti nzito ya kitu cha chini. Ikalia hapa, ikalia pale, ikalia eneo zima la ukubwa wa jiko. Gwakisa akachomeka kijiti katikati.

Subilaga akafunga sahani yake, akapita eneo lile lile lililolia. Udongo ukanyamaza. Zikabaki sauti nne za chuma cha kweli, na moja ilikuwa nzito kuliko zote. Akachomeka kijiti penye ile nzito. Pakawa hatua moja kutoka kwa kijiti cha Gwakisa.

Hapo betri zikazima. Mama Tupokigwe akazichomoa, akazianika juu ya bati, akasimama akizitazama mpaka zikapata moto. Mzee Nzunda, aliyekuwa amekuja kutazama, akamwambia, "Jua la leo hafifu, mama." Mama akazigeuza upande wa pili.

Betri zikaamka kidogo. Wakachimba kwenye kijiti cha Subilaga, wakatoa jembe bovu. Subilaga akainama. Gwakisa akakohoa. Asegelile akafunga kisosi chake, akakishusha ndani ya shimo, mahali ambapo sahani za wenzake zisingeingia. Mashine ikalia mara moja tu, upande wa kushoto. Akachomeka kijiti humo humo, wakachimba mkono mzima, wakagonga zege.

Wazee wakafika, wakasoma namba, wakailinganisha na ile iliyo kwenye karatasi ya shamba la mjane. Ndiyo yenyewe. Mama Tupokigwe akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Mzee Nzunda akasema, "Bikoni nzuri," akaenda kung'oa migomba yake.

Kisha ndama akaletwa.

"Ni wangu," akasema Gwakisa. "Mashine isingelia kwangu kwanza, mngekuwa mnachimba kwenye mihogo."

"Ni wangu," akasema Subilaga. "Gwakisa alipata eneo, mimi nilipata shimo. Bikoni imetoka kwenye shimo langu."

"Ni wangu," akasema Asegelile. "Shimo la Subilaga lilitoa jembe. Mkalitazama kama mkeka wa msiba. Aliyeipata bikoni ni mimi."

Wazee wakasema, "Desturi ni kijiti. Twende tukaone." Wakaenda. Vijiti vyote vitatu havikuwepo. Ndama alikuwa anatafuna cha mwisho.

Msiniambie achinjwe wagawane. Mama aliahidi ndama, hakuahidi nyama. Wala msiniambie abaki naye, kwa sababu amekwisha kuapa. Amelipata shamba lake, ameshika jembe, amesimama ukingoni na mbegu kwenye kanga, na hathubutu kudondosha hata punje. Mvua imekwisha kuvuka kilima cha pili, nyinyi mnanitazama mimi.

Semeni upesi. Je, nani alistahili ndama?